Anayekunywa Kwanza

Shemeji yangu Mughwai alikuwa na miguu mirefu kama ya korongo, na akili ya kutosha mguu mmoja. Nasema hivyo kwa sababu ni haki yangu. Kwetu mke wa kaka humtania mdogo wa mumewe, na mtu asiyetaniwa na shemeji yake watu humwonea huruma kama yatima. Yeye naye aliniita Mama Debe, kwa kuwa siku tuliyohamishwa nilikataa kulipakia debe langu kwenye lori pamoja na vyombo vya watu wengine. Nililipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa debe la mafuta ya taa, limekatwa mdomo na kutiwa mpini wa mti, na halikuvuja hata tone. Ukitaka kujua thamani ya chombo kisichovuja, ishi Singida mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa bado haijanyesha.

Hiyo ilikuwa sabini na nne, mwaka wa watu wote kuhamia vijijini. Sisi tulitolewa kwenye nyumba zetu za zamani za tembe tukapangwa kwa mistari kando ya mto Nsangwa, kwenye kijiji kipya kilichoitwa Umoja. Ukisikia mto usifikirie maji. Nsangwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga mweupe, pana hata ukirusha jiwe halifiki ng'ambo. Maji yake hayafi, yamelala chini. Mahali penye mwamba uliokatiza chini ya mchanga, yanakutana na mwamba na kukaa. Mahali pasipo na mwamba, yanapita zake kimya kimya. Kwa juu mchanga ni ule ule. Mikuyu ya ukingoni inajua, ndiyo maana inabaki na majani mabichi wakati miti mingine imekuwa kuni. Nyani wanajua, wanafukua kwa mikono. Punda wanajua, wanafukua kwa kwato. Binadamu tunabahatisha kwa jembe.

Halafu siku moja mvua inanyesha mbali huko juu, kwenye vilima vya upande wa Kiomboi, wewe huku unaanua mtama chini ya jua kali, na mto unakuja wote kwa mara moja.

Sheria ya mchangani ilikuwa moja, nayo ni ya zamani kuliko kijiji. Mtu akichimba kisima, kisima ni cha yule anayekunywa kwanza. Siyo aliyechimba, aliyekunywa. Akishashika maji ya kwanza kwa kiganja au kwa kata, mbele ya shahidi, basi kisima ni chake msimu mzima, na mwaka unaofuata mahali pale ni pake kuchimba tena. Lakini akitoka shimoni mkavu kabla ya kunywa, hata kama ametoka kwenda haja, ameacha. Anayeingia baada yake akinywa, ndiye mwenyewe. Wazee walisema sheria hiyo inazuia uvivu. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba maji yote sasa ni mali ya wote, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani. Mchanga haukuhudhuria mkutano.

Mwenye kisima kikubwa alikuwa mzee Nathanaeli, mwenyeji wa pale, ambaye baba zake walichimba kwenye kona ya mto kabla ya sisi kujua kama kona hiyo ipo. Hakutunyima maji. Alituwekea zamu: ng'ombe wake kwanza, halafu wa ndugu zake, halafu wenyeji wengine, halafu sisi wa lori. Zamu ya mwisho kwenye kisima cha mchanga unaijua? Unachota tope, unasubiri litulie, unachota tope tena. Ng'ombe wetu walikuwa wanarudi nyumbani na kiu ile ile waliyokwenda nayo, na wawili tulikuwa tumeshawachuna ngozi.

Kwa hiyo Mughwai akachimba. Shimo lake la kwanza lilikuwa limekaribia maji alipotoka kwenda kula ugali kivulini. Alivyorudi, alimkuta Leonidas, mpwa wa mzee Nathanaeli, yuko chini ananawa uso. Leonidas alikuwa amekunywa mbele ya mashahidi wawili. Hakuna aliyemwita mwizi, maana hakuiba. Mughwai alirudi nyumbani, akakaa nje mpaka mkewe Elina akamfuata. Hapo ndipo alipoapa kwamba akiingia tena shimoni atatoka amelowa midomo, au hatatoka. Elina alikuwa amejifungua karibuni. Alimwambia achague lile la kwanza.

Shimo la pili alilianza mbali na watu, katikati kabisa ya mto. Alishuka kabla jua halijapanda, na chakula chake nilimtelemshia kwa kamba. Haja ndogo alikuwa na kibuyu chake maalumu, na hapo sitaongeza neno. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta mchanga kwa karai na kamba ya ngozi, kwa kuwa mume wangu Isaka alikuwa amekwenda Manyoni kutafuta mtama wa kula. Usiku shemeji alilala humo humo shimoni kama panya buku, na asubuhi tukaendelea.

Kufika mchana wa siku ile, shimo lilikuwa na kina cha mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake, na bado jembe la Mughwai lilisikika likienda chini zaidi. Juu lilikuwa pana, chini limebana. Kuta alizishikiza kwa fito zilizosukwa kama tenga, na upande mmoja alikuwa amechonga vidato vya kupandia. Niliacha kuvuta kidogo, nikaenda kwa mzee Nathanaeli kungoja zamu yangu. Nilipata debe zima, la maji ambayo angalau hayakuwa yakitembea kwa wadudu. Nikarudi nalo kichwani kumpa shemeji umbea wa kisimani na kumvutia karai chache kabla ya kwenda nyumbani, ambako watoto na mama mkwe walikuwa wananisubiri tangu asubuhi na midomo mikavu.

Karai lililopanda sasa lilikuwa zito. Nikatia mkono. Mchanga ulikuwa na rangi ya ugali wa mtama na ulishikamana kiganjani.

"Shemeji," nikamwambia, "umefika, au umekosea kibuyu?"

Alicheka kule chini mpaka fito zikatikisika. Akasema nivute tu, jioni hii Mama Debe atachota bila kupanga foleni.

Ndipo nikamwona mzee Nathanaeli anakuja kwetu, anakata mchanga moja kwa moja. Alikuwa hana fimbo. Sikuwahi kumwona mzee yule bila fimbo, hata kanisani. Nikashusha karai, nikapiga goti kidogo kama ipasavyo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

Kwetu mzee asiyeitikia shikamoo ama umemkosea sana ama amefiwa. Nikairudia, nikidhani hajasikia. Alinipita macho. Alikuwa anatazama juu ya mto, na mimi nikageuka kutazama anachotazama, nikaona mchanga na jua, basi. Halafu nikatazama kule kisimani kwake. Ng'ombe wake walikuwa wamezunguka hori lililojaa maji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakunywa. Wote walikuwa wameinua vichwa, midomo inadondosha, masikio mbele, wameelekea juu ya mto. Ng'ombe mwenye kiu ya mwezi wa kumi na moja ameacha maji.

Akaniuliza ni nani aliye chini. Nikamwambia ni shemeji yangu.

"Mtoe," akasema. "Mto unakuja."

Juu yetu hapakuwa na wingu hata la kufutia kamasi. Lakini kereng'ende walikuwa wanapita, wengi, wakishuka na mto kwa urefu wa kiuno cha mtu, na nyuma yao ulikuja upepo wa baridi unaonuka zizi lililonyeshewa. Nikainama kwenye mdomo wa shimo nikamwambia Mughwai atoke, mto unakuja, mzee Nathanaeli amekuja kusema mwenyewe.

 Likaja jibu la upole sana, kama la mtu anayemjibu mtoto. Alisema nimwambie mzee kwamba leo amekula humo humo, hana haja ya kutoka. Alisema anaiona mbingu vizuri kutoka hapo alipo, ni duara la bluu tupu. Alisema mchanga umeshalowa, unatoka jasho, na ni ajabu kweli kwamba mto umeona uje leo, saa hii, wakati jembe lake limebakiza kidogo.

Mzee Nathanaeli akapiga magoti karibu nami. Akamwita kwa jina. Akamwambia ya Leonidas yalikuwa yale, na haya ni mengine. Mughwai hakumjibu yeye. Alinijibu mimi.

"Shemeji, wamekupa zamu nzuri leo? Nasikia debe limejaa."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, wengine kwa ufundi mkubwa, lakini hilo liliniingia. Nikamrudishia. Nilimwita korongo asiye na mabawa, nikamwambia Elina ataolewa na mtu mwenye miguu mifupi na akili ndefu, nikamwambia kila nililojua kuhusu ukoo wao na mengine niliyatunga papo hapo. Siku zote matani yangu yalimtoa mahali popote, hata kitandani akiwa na homa. Safari hii nilisikia jembe tu. Kadiri nilivyomsihi ndivyo alivyochimba kwa haraka. Alikuwa ameelewa kwamba ana muda mfupi. Alikosea tu sababu.

Ng'ambo, Leonidas alikuwa ameanza kuwafukuza ng'ombe kuelekea ukingoni na kumpigia mjomba wake kelele aondoke mchangani. Mzee akaniambia nipande ukingoni, nina watoto. Nikamuuliza yeye je. Alibaki amepiga magoti pale pale. Hakuwa na mtu wake shimoni. Angeweza kwenda, na hakuna ambaye angemlaumu. Na mimi, nikisema kweli, miguu yangu ilikuwa imeshageuka, ni mikono tu iliyokuwa bado imeshika kamba.

Tukasikia. Mwanzoni ni kama mtu anapepeta mtama kwenye ungo, mbali, nyuma ya kona ya juu ya mto. Ungo ukawa mkubwa. Mchanga mkavu wa juu ya shimo ukaanza kuteremka wenyewe, vijito vidogo vidogo kupitia kwenye fito.

"Msikanyage ukingo," sauti ya Mughwai ikasema kutoka chini. "Mnanimwagia mchanga."

Hakuna aliyekuwa amekanyaga ukingo.

Hapo ndipo nilipoliona debe langu. Lilikuwa limekaa kwenye kivuli cha rundo la mchanga, limejaa, limetulia, na juu yake kulikuwa na jani la mkuyu nililoweka lisimwagike. Nililitazama na nikawaona watoto wangu humo ndani. Sikukaa kufikiri sana. Nililiinua kwa mikono miwili nikalimwaga lote shimoni, juu ya kichwa chake.

Alipiga ukelele wa mtu aliyechomwa.

"Kisima chako kimetoa maji, shemeji," nikasema. "Kunywa, utoke."

Akakohoa, akatema mate. Akasema hayo ni maji ya debe. Akasema ni maji ya Nathanaeli, na mtu hawezi kunywa maji ya mwingine akasema kisima ni chake, mimi namfanya mjinga.

Kwa mara ya kwanza mzee Nathanaeli alinitazama. Nilijua ninachomwomba. Yeye ndiye aliyekuwa anashuhudia visima vyote vya mto ule. Neno lake likishasemwa halirudi. Na mahali pale katikati, mchanga ukiwa umelowa mapema vile, hata mjinga angejua kwamba ni mahali pa maji ya kudumu mpaka mwisho wa kiangazi. Mzee alikuwa na ng'ombe wengi na ndugu wengi. Kisima kama kile kingeyavuta maji ya kisima chake mwenyewe.

Ungo kule nyuma ya kona ukaacha kuwa ungo. Ukawa kama ng'ombe wa nchi nzima wanakimbia kwenye ardhi ngumu.

Mzee akalala kifudifudi, akatia kichwa shimoni.

"Mughwai. Maji yakishaingia mchangani hayana mwenyewe mpaka anywe mtu. Kunywa. Mimi ni shahidi."

"Apa."

Mzee akajipapasa kiunoni. Kila mwenye kisima hutembea na kata yake, kibuyu kilichokatwa cha kuchotea, na mzee Nathanaeli alikuwa na kata ya baba yake, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Aliifungua kwenye mkanda akaiachia shimoni, iwe ndiyo kiapo. Tulisikia ikigonga jembe.

Halafu tukasikia mtu anakunywa. Ilikuwa ni kufyonza zaidi kuliko kunywa, maji nusu na mchanga nusu, na kutafuna kidogo. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, wala sijawahi kumsikia mtu akila kwa adabu mbaya kama ile.

"Nimekunywa," Mughwai akasema.

"Nimesikia," akasema mzee. "Ni chako. Panda."

Akapanda kidato kimoja, na kidato kikaanguka. Maji yangu ya debe yalikuwa yamelegeza ukuta. Fito za chini zikapinda, mchanga ukamwagika ukamshika magotini, ukalowa, ukamkaza. Sasa sauti yake ilibadilika. Aliniita kwa jina, Theresia, jina ambalo hakuwahi kuliita tangu niolewe. Nilimtupia kamba nikamwambia apitishe kwapani na kufunga. Tukavuta, mimi na mzee, visigino vyetu vikachimba mifereji, na yeye akaja kidogo na kusimama, kama mhogo uliokwama.

Mzee akasimama akapiga mluzi. Leonidas alikuwa ameshafika chini ya ukingo na ng'ombe wa mwisho, dume moja la kulimia lenye madoa, na alikuwa amelishika kwa kamba ya pembe. Alitutazama, akatazama juu ya mto. Leonidas huyo nilikuwa nimemsema vibaya msimu mzima. Lazima niseme na hili: alilivuta dume lile kurudi katikati ya mchanga, likipinga, macho yamevilia damu, na yeye analia waziwazi huku anakuja.

Tukafunga kamba ya ngozi kwenye pembe. Hakuna aliyelazimika kulichapa. Leonidas alipoliachia tu, dume lilitaka ukingo kuliko lilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na Mughwai alitoka shimoni kama kizibo cha chupa. Kaptula ilibaki chini. Aliburutwa kifudifudi juu ya mchanga wote ule, kamba kwapani, miguu mirefu inarukaruka nyuma, na sisi watatu tukikimbia nyuma yake, na nikaona kwa pembe ya jicho kitu cha rangi ya kahawia kinajikunja kwenye kona ya juu.

Kwanza ulikuja ulimi tu, haufiki kifundo cha mguu, una povu na vijiti na mavi ya mbuzi, unakuja kwa haraka ya mtu anayetembea lakini haupumziki. Ulitukuta tunashika mizizi ya ukingoni. Nyuma ya ulimi ukaja mto wenyewe. Ulikuwa na miti mizima ikisimama na kuanguka, na mzinga wa nyuki, na ndama wa mtu. Kisima cha mzee Nathanaeli kilizibwa kwa wakati wa kupepesa jicho, hori likapanda juu ya maji, likageuka mara moja na kwenda zake. Pale katikati, rundo la mchanga tulilolitoa karai kwa karai lilikuwa hapo, halafu halikuwa hapo.

Tulikaa juu ya ukingo. Nilivua khanga yangu ya juu nikamtupia Mughwai ajifunge. Kifua chake kilikuwa kimechunika kama mhogo. Mchanga ulikuwa bado kwenye meno yake.

"Debe lako," akasema hatimaye.

Kweli, nililiacha pale. Nikamwambia lina mwenzake, limekwenda na kaptula, na kwa jinsi ninavyoijua kaptula ile, debe ndilo lililopata hasara.

Mzee Nathanaeli alicheka kwanza. Halafu akajipapasa kiunoni, pale palipokuwa na kata, akaacha kucheka.

Jioni ile watoto wangu walikunywa maji ya mto yenye rangi ya matofali, wakalala. Vyura waliokuwa wamejizika chini tangu mwezi wa sita walipiga kelele mpaka asubuhi, na siku mto ulipopungua tukala kambare waliotoka kwenye matope ya vidimbwi bila kuuliza walikuwa wapi miezi yote hiyo. Mughwai alisimulia habari ya kisima chake kila mahali, na kila akisimulia dume lilikuwa kubwa zaidi. Kaptula hakuitaja. Niliitaja mimi.

Kisha mto ukaenda zake, mchanga ukarudi, na mwezi wa nane watu wakaanza kuchimba. Pale katikati wengi walipataka, wenyeji na wa lori pia. Tuliitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mmoja wa wenyeji akasema hadharani kila mtu anajua kwamba maji aliyokunywa Mughwai yalikuwa ya debe, na kwamba huo ni mchezo na siyo sheria. Watu wakaguna kumkubali. Mughwai alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza kule shimoni.

Mzee Nathanaeli akainuka kwa fimbo yake.

"Kisima kilikuwa na maji," akasema. "Alikunywa. Mimi shahidi."

Akaketi. Ikaisha.

Mughwai akachimba. Safari hii hakulala shimoni. Nilivuta karai, na Isaka akavuta, na Elina akaja na mtoto mgongoni kutazama mali yake. Mchanga ukalowa mapema, rangi ya ugali wa mtama, kama mwaka jana. Tukashangilia. Siku iliyofuata ukakauka tena. Akachimba, ukazidi kukauka. Halafu jembe likagonga mwamba, na sauti ikapanda mpaka kwetu, kavu, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Unyevu ule ulikuwa umeshikwa kwenye utando mwembamba wa udongo tu. Mwamba wenyewe chini umelalia upande, na maji yote yanateremka kwenda kwenye kona, kwa mzee. Katika kisima kile maji hayajawahi kuwapo isipokuwa yale ya debe langu.

Alipanda vidato polepole akatoka, mkavu kabisa, akakaa kwenye rundo la mchanga. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa la kumwambia mtu yule, ulikosa. Kule kisimani kwa mzee ng'ombe wa wenyeji walikuwa wamepanga foleni, na wetu wamesimama nyuma yao na mbavu zinahesabika.

Mzee Nathanaeli akaja. Safari hii na fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Akachungulia shimoni kwa muda mrefu. Akatupa kijiwe, akasikiliza. Nilingoja acheke, maana alikuwa na haki, na kuna wengi kule nyuma walikuwa wamesimama tayari kucheka wakimfuata yeye.

"Mimi nilisema mbele ya watu kwamba kisima hiki kina maji," akamwambia Mughwai. "Sasa unataka niitwe mwongo uzeeni? Lete ng'ombe zako. Watakunywa baada ya zangu. Mtu akiuliza, hayo ni maji ya kisima chako, yamepitia kwangu."

Mughwai alimtazama kama hajasikia vizuri. Halafu akaingiza mkono kwenye mkanda akatoa kata mpya, ya kibuyu cha mwaka ule, bado ya njano. Alikuwa ameichonga kwa ajili ya siku hii, akidhani itakuwa siku nyingine. Akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akaigeuza, akakwaruza ukingo wake kwa ukucha, akasema imekatwa vibaya. Akaichomeka kiunoni, na wote wawili wakaondoka kuelekea kwenye kona, ng'ombe wetu wakisikia kwato za wenzao na kuanza kukimbia.